Mjomba wa Kamba Anajibu: Mlingoti Mdogo Haupandwi, Unalazwa

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimeambizana: mlingoti, mlingoti, mlingoti. Nimechagua tano. Zile za rangi za mashua zingoje zamu yake, na yule aliyeuliza kuhusu injini namkumbusha kwamba safu hii ni ya kamba.

Shikamoo Mjomba. Nina mashua ya futi 19, mlingoti wa alumini wa mita 7. Henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ya tanga kubwa imekwama: nikiivuta inakuja kidogo, kisha inagoma. Nadhani roda ya kileleni, lile gurudumu dogo linalopitisha kamba, imechakaa. Nina kilo 75, mwepesi wa viungo, na utotoni hakuna mti ulionishinda. Jirani yangu hapa gatini yuko tayari kunivuta kwa henza ya tanga la mbele. Mke wangu anasema nisithubutu. Nani mwenye haki? — Mpanda Miti

Marahaba. Mkeo ndiye mwenye haki, na ningeweza kuishia hapo nikamwachia yeye nafasi iliyobaki. Lakini nawajua watu wa aina yako, kwa sababu nilikuwa mmoja wao: hamtaki kuambiwa, mnataka kuonyeshwa. Haya, chukua kalamu.

Mti una mizizi ardhini. Mlingoti wako mzizi wake ni mashua, nayo inaelea. Tuseme umefika mita 6 juu. Mashua ikainama nyuzi 10, ambazo si kitu. Mtu akikanyaga ukingo ili aingie tu, mashua ndogo huweza kuinama hivyo. Pale uliponing'inia utakuwa umesogea upande kwa zaidi kidogo ya mita 1. Mashua ya urefu wa futi 19 ina upana wa mita 2 hivi, kwa hiyo kutoka mstari wa kati hadi ubavuni ni mita 1. Umeona ulipo? Ni sawa na kusimama nje ya mashua, hewani, huku kilo zako zote 75 zikiubinya ubavu uende chini. Ikiinama nyuzi 20 uko mita 2 nje. Kila inavyoinama ndivyo unavyozidi kuiinamisha.

Mimi haya sikuyasoma. Nikiwa kijana niliitwa kubadilisha taa ya kileleni kwenye mashua ya namna hiyo hiyo, imefungwa gatini kwa kamba mbili. Nikapanda kama tumbili. Nilipofika kwenye ile mikono inayotanua nyaya, nikaomba spana namba 10. Mwenye mashua akapiga hatua moja kwenda ubavuni kuiokota. Hatua moja tu. Kilichofuata sikikumbuki kama kuanguka. Nakumbuka gati likinijia taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekuja kukusalimia. Mlingoti ukaegemea ukingo wa saruji, nami nimeukumbatia, magoti yamechunika, spana imeshazama. Maji yaliingia hadi kwenye viti. Lau tungekuwa nangani, pasipo gati la kuegemea, mashua ingejilaza kabisa na mimi nimefungwa juu yake.

Kama bado una ubishi, fanya jaribio hili bila mtu kupanda. Funga kamba ndefu kwenye ncha ya henza nzima, ile ya mbele, ipandishe mpaka karibu na kilele, kisha nenda mbali pembeni uvute kwa mlalo kadiri inavyowezekana. Katikati ya kamba tia mizani ya kuning'iniza. Ukiona mvuto wa kilo 13 unatosha kuinamisha mlingoti kupita nyuzi 10, mashua hiyo haina nguvu ya kukurudisha wima. Kilo 13 ni ndoo ya lita 10 iliyojaa na lita mbili tatu za ziada. Mashua nyingi za futi 19 zisizo na uzito kwenye mkuku, ule uti wa chini ya mashua, hushindwa mtihani huu mapema sana.

Kwa hiyo ulaze mlingoti. Namna ya kuulaza iko kwenye jibu linalofuata. Na nakuambia mapema kile ninachotarajia utakikuta. Henza inayokuja kidogo kisha ikagoma mara nyingi imeruka kutoka kwenye mfereji wa roda, ikabanwa kati ya roda na shavu lake. Hiyo hutokea roda ikilika upande mmoja, au ukinunua henza nyembamba kuliko mfereji. Shika roda kwa vidole viwili uitikise. Ikicheza huku na huko, pini yake imelika pia. Badilisha vyote viwili, usitie mafuta ukadhani umemaliza.

Ukishakuwa na kilele mapajani mwako, usikiharakie kukirudisha. Chukua kipande cha pamba, kipitishe polepole kwenye kila waya, hasa sentimita chache za mwisho pale waya unapoingia kwenye kibanio chake. Uzi mmoja ukiwa umekatika, hata kama jicho halioni, utanyofoa pamba na kubaki na ndevu nyeupe. Waya wenye ndevu hauna matibabu, ni wa kubadilisha. Usitumie kidole badala ya pamba. Najua kwa nini nasema.

Mjomba, heshima yako. Mimi na mdogo wangu tulilaza mlingoti wetu: mita 7, kilo 25, una bawaba chini na unalalia upande wa tezi, yaani nyuma ya mashua. Mdogo wangu alishika kamba ya waya wa mbele pale omo, mbele ya mashua. Mwanzo akaushusha kwa mkono mmoja huku anaongea. Ulipopita nusu ukawa kama umejazwa mawe, ukamponyoka. Reli ya tezi imepinda. Mdogo wangu anasema nilimwachia peke yake, mimi nasema alilegea. Amua. — Wawili wa Tezi

Hakulegea, na wewe hata ungemsaidia mngeponyokwa wawili. Mlingoti haukuongezeka uzito. Kilichobadilika ni pembe ya kamba.

Nimekupigia hesabu kwa vipimo vyako, nikichukulia kwamba waya wa mbele umefungwa mita 6 juu, na omo iko mita 2 mbele ya mguu wa mlingoti. Mlingoti ukiwa nusu ya njia, nyuzi 45, mshika kamba anazuia kama kilo 55. Ukiwa umebakiza nyuzi 10 kulala, anazuia kilo 330. Sababu ni kwamba kamba sasa inakaribia kulala sambamba na mlingoti. Inauvuta kwa urefu wake badala ya kuuinua. Nguvu yote inaishia kuusukuma mguu wa mlingoti kwenye bawaba. Ndiyo maana wengi huponyokwa pale wanapodhani kazi imekwisha.

Dawa yake ni mti mfupi wa msaada. Tafuta mti au bomba imara la mita 2, mguu wake ukae mbele ya mlingoti, karibu kabisa na bawaba, na usimame pembe mraba na mlingoti. Mlingoti ukiwa wima, mti huo umelala kuelekea omo. Mlingoti ukilala, mti unasimama. Ncha yake ifunge kwenye waya wa mbele, na kutoka ncha hiyo hiyo shusha kapi mbili (visanduku vyenye roda) zenye kamba ya mikondo minne, yaani inayopita kati yao mara nne, mpaka omo. Sasa hata mlingoti ukiwa umelala kabisa, mzigo kutoka ncha ya mti hadi omo ni kama kilo 62, na kwa mikondo minne mkono wako unashika kilo 16 hivi. Wakati wa kushusha, msuguano wa kapi unakusaidia. Wakati wa kupandisha unakudai, kwa hiyo tegemea kama kilo 20. Mdogo wako anaweza kuendelea kuongea.

Wengi hutumia ule mti wa chini ya tanga kuwa mti wa msaada, maana tayari una kiungo chake mlingotini. Ni sawa, ila ufunge kamba mbili kutoka nchani mwake, moja kila ubavu, usije ukayumba. Mti wa msaada ukilalia upande hausaidii kitu tena, na unarudi kwenye zile kilo 330 kwa ghafla.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, nalo ndilo linalovunja bawaba. Angalia nyaya zako za ubavuni zimefungwa wapi. Kwenye mashua nyingi zimefungwa nyuma kidogo ya mlingoti. Mlingoti ukianza kulalia tezi, nyaya hizo zinalegea, na kuanzia hapo hakuna kinachouzuia kuyumba kushoto au kulia. Wimbi dogo la mashua inayopita linatosha. Mlingoti ukiyumba, bawaba inapindwa kwa upande ambao haikutengenezewa. Kwa hiyo funga kamba mbili za muda kutoka juu ya mlingoti hadi pete mbili, moja kila ubavu, zilizo mkabala na pini ya bawaba na kwa kimo kile kile cha pini. Pete zikiwa kwenye mstari wa pini, kamba hazilegei wala hazikazi njia nzima. Zikiwa sentimita chache chini au nyuma utaliona kosa lako mwenyewe: kamba inaning'inia kama ya kuanikia nguo.

Kabla ya yote hayo, inua macho. Nyaya za umeme. Alumini hupitisha umeme, waya za chuma hupitisha, na mlingoti wa kaboni hupitisha vile vile. Tena si lazima uguse. Umeme mkubwa huruka pengo. Pima kwa hatua, si kwa jicho, na uhesabu pia njia ambayo utaisukuma mashua ikiwa kwenye trela huku mlingoti umesimama. Zipo mashua ndogo za mbio ambazo sehemu ya juu ya mlingoti wao wa alumini hutengenezwa kwa faiba isiyopitisha umeme, na sababu yake ni watu waliokufa.

Na mkiusimika tena: kabla ya kulegeza zile skrubu za kukazia waya, zungushia utepe pale nyuzi za skrubu zinapoishia, ili mrudishe mkazo ule ule. Wakati wa kuinua, mmoja wenu asivute chochote. Kazi yake ni kutazama skrubu hizo. Hupenda kusimama wima kwenye sitaha na kung'ang'ania mahali, kisha waya ukikaza zinapinda kama msumari mbovu. Niliwahi kuinua mlingoti wa mteja, ukawa mzito kuliko kawaida, nikaongeza nguvu kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Tak! Skrubu ya ubavu wa kulia ikapinda kama kidole kinachoita. Mlingoti ukiwa mzito kuliko ulivyokuwa hatua moja nyuma, simama uangalie nyaya.

Kwa ufasaha wa kazi hii, watu wa Norfolk kule Uingereza walikuwa na majahazi ya mizigo ya mtoni yenye mlingoti uliotiwa madini mazito ya risasi mguuni ili kusawazisha uzito wa juu. Mtu mmoja aliweza kuulaza wakikaribia daraja na kuusimamisha wakishapita. Mashua yako haina hiyo risasi. Tumia kapi.

Mjomba, nilikuwa nafungua tanga, henza ikaniponyoka, ncha imepaa hadi kileleni. Sina bawaba mlingotini. Nifanyeje? — Mkono Mtupu

Pole. Ikiwa ncha nyingine iko mikononi mwako, usiivute hata kidogo! Ukiivuta, ile ncha ya juu itapita kwenye roda, na hapo utakuwa umepoteza vyote.

Ikiwa una henza nyingine, ifunge kwenye fimbo nyepesi yenye ndoano nchani, weka na kamba ya kuishushia, uipandishe mpaka ndoano ifike kwenye kitanzi cha ile iliyopaa, kisha vua kama unavyovua samaki. Nimewahi kufaulu mara ya tatu, nimewahi pia kushinda mchana kutwa nisifaulu. Ikishindikana, ifunge mashua kandokando ya gati refu wakati maji yametoka, mashua ikiwa chini na gati liko juu. Huenda kilele kikawa karibu na mkono wa mtu aliyesimama gatini. Ngazi isimame gatini, kamwe isisimame mashuani.

Siku nyingine piga fundo kila ncha, na ukitaka kutoa henza uifue, shona uzi mwembamba nchani mwake ndipo uivute. Uzi ubaki mle mlingotini ukilinda nafasi.

Shikamoo Mjomba. Sisi tuna mashua kubwa kidogo, futi 34, ina mkuku mzito wa chuma. Mume wangu anataka kupanda kukagua mlingoti na mimi nimvute kwa winchi. Yeye haogopi. Ninayeogopa ni mimi wa chini. Nikimwachia je? — Mshika Winchi

Marahaba mwanangu. Woga wako ni mali, usiuache. Mashua ya futi 34 yenye mkuku mzito inambeba mtu kileleni bila taabu, kwa hiyo hapa kupanda kunaruhusiwa. Na aliye hatarini zaidi ni yeye, lakini mwenye madaraka ni wewe. Mwambie hivyo kabla hajavaa mkanda wa kupandia.

Apandishwe kwa henza mbili. Ya kwanza inamvuta. Ya pili inamfuata, haibebi kitu, ila ikikatika ya kwanza ndiyo itakayomdaka. Zote mbili zipite kwenye roda zilizomo ndani ya kilele, si kwenye kapi iliyoning'inizwa nje kwa pete. Zifungwe moja kwa moja kwenye mkanda wake kwa fundo la kitanzi kisichokaza, mkia wa fundo uwe mrefu wa kiganja. Vile vibanio vya chuma vya kufyatua vilivyo kwenye ncha ya henza visitumike. Vilitengenezwa kushika tanga, na vikigonga waya vinaweza kufunguka.

Akishafika urefu wa mita 1, mwambie aning'inie na kuruka-ruka kwa nguvu. Kama kuna kitu kitaachia, kiachie hapo. Mimi huwa siruhusu mtu apite kimo hicho bila kucheza ile ngoma, hata akiwa na haraka gani.

Kwenye winchi zungusha henza mara 4, si 2. Ukiwa na winchi inayojishika yenyewe, usiiamini peke yake. Funga kamba kwenye kishikio nyuma yake. Wakati wa kumshusha, ondoa mzunguko mmoja tu ikiwa kamba haitaki kutembea, kiganja cha mkono mmoja ukiweke juu ya mizunguko ili kuipunguza mwendo, mkono wa pili ulegeze. Mwendo wa mtu anayeshuka ngazi akiwa amebeba mtoto. Nywele zifungwe, mikono ya nguo ikunjwe. Simu ikilia, iache ilie.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa mlingoti, mngoje pembeni. Bisibisi ikianguka kutoka mita 12 inaweza kupasua sitaha, sembuse kichwa. Kila kifaa kiwe na kamba yake iliyofungwa kwenye ndoo au kwenye mkanda wake. Na maneno yenu yapangeni chini kabla: “pandisha”, “simama”, “shusha”. Basi. Asiseme “sawa” akimaanisha simama, maana kwa upepo “sawa” inasikika kama ruhusa ya lolote.

Chagueni asubuhi isiyo na upepo, mahali ambapo mashua za injini hazipiti. Wimbi ambalo wewe utaliona kama kutikisika kidogo, yeye kileleni atarushwa mita nzima, akigongwa na mlingoti kila anaporudi. Kwa hiyo avae pia ukanda mfupi unaouzunguka mlingoti, auhamishe kila anapopita ile mikono ya nyaya.

Hofu yako ya mwisho hukuiandika ila naisikia: akizimia kule juu? Msikae hivyo mkijadiliana. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mikanda, damu hukwama miguuni na hali huharibika kwa dakika chache. Mshushe mara moja, kisha ita msaada. Kwa hiyo kazi isianze ikiwa wewe peke yako huwezi kumshusha. Jaribuni kwanza kwa mita 2, umshushe mara tatu, mpaka mkono uzoee.

Mjomba, kiti cha kupandia mlingoti au hanesi ya wapanda milima, ile mikanda ya kiunoni na mapajani? Halafu nimesikia mtu anaweza kupanda peke yake kwa mafundo. — Mdadisi

Kiti kinafaa kwa kazi ndefu, hakikati mapaja. Hanesi inafaa kwa kila kitu kingine, maana ukipinduka kichwa chini haikutoi. Mimi huvaa hanesi, kisha nakalia kiti. Watu hunicheka, nami nawaacha wacheke.

Ya mafundo ni kweli. Maarufu zaidi ni la Prusik, lililopewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Kitanzi cha kamba nyembamba kinazungushwa mara tatu kwenye kamba nene iliyokazwa wima: kikibebeshwa uzito kinabana, kikiondolewa uzito kinasogezwa juu kwa mkono. Vitanzi viwili, kimoja cha kiuno na kimoja cha miguu, na unapanda kama kiwavi. Sharti kitanzi kiwe chembamba waziwazi kuliko kamba kuu, na kamba ikiwa mpya na ya kuteleza, ongeza mzunguko wa nne. Jifunzie kimo cha mita 1 mpaka uweze kushuka bila kufikiri. Kupanda kila mtu anakuweza. Na bado awepo mtu sitahani, hata kama hana la kufanya.

Mifuko ya suruali iwe mitupu kabla hujaanza, na simu mpe huyo aliye chini. Yangu ya kwanza iko kule kule iliko spana namba 10.